Kifuniko Chenye Nyota

Clem Bytheway alivaa tai. Siku ya mkutano wa mwaka hakuna anayevaa tai pale klabu ya pikipiki. Watu huja na majaketi ya mvua na mabuti yenye madoa ya oili. Lakini leo yeye alifunga tai ya marehemu baba yake, ile ya kijani ya kiwandani, na viatu alivipiga rangi mpaka vikang'aa kama vimelambwa. Noel Pargeter alimwona tokea mlangoni.

"Jamani, bwana harusi kaingia! Clem, bibi harusi yuko wapi?"

"Yule pale mezani," Clem akasema, akionyesha kwa kidevu. "Kakaa ndani ya kreti tangu enzi za baba yangu. Hajaguswa."

Ukumbi ukacheka, na Clem mwenyewe akacheka, masikio yakamwiva mekundu. Kwa kawaida yeye si mtu wa utani. Ni Noel ndiye wa utani, Clem ni wa kuulizwa maswali.

Bibi harusi mwenyewe alikuwa injini. Injini ya pikipiki ya Ludmore, haijawahi kuwashwa hata mara moja. Ilikutwa stoo kwa muuza pikipiki mmoja wa mji wa Dudley aliyefariki, imefungwa kwenye karatasi ya nta, na wanawe wakaileta klabuni kwa sababu hawakujua waipeleke wapi. Kiwanda cha Ludmore chenyewe kilikufa zamani. Pale kilipokuwa siku hizi panauzwa mazulia. Lakini watu wa klabu wanaipenda Ludmore kama ndugu aliyepotea, na kama ilivyo kwa ndugu, wanagombana juu yake. Ugomvi wao mkubwa ni wa oili.

Ludmore za mwanzo zilichuja oili kwa wavu tu, wavu kama wa kuchujia chai. Chenga ndogo zilipita, zikaenda kukaa kwenye beringi zinazobeba mhimili wa injini, na beringi ikaliwa kimyakimya kama sweta linavyoliwa na nondo. Baadaye kiwanda kikatoboa tundu ubavuni mwa injini, wakatia humo kipande cha sufu nzito, umbo lake kama soksi ya mtoto mchanga, springi juu yake, halafu kifuniko. Sufu ikawa inashika uchafu wote. Mwisho kabisa, kiwanda kikiwa tayari kinakata roho, wakaja na kopo lenye chujio la karatasi, kama la magari ya siku hizi.

Yote hayo Beryl Tonks alikuwa ameyapigilia ubaoni, vitu vyenyewe, si picha. Wavu huku, kopo la karatasi kule, na namba za injini chini yake kwa chaki. Beryl alikuwa mwalimu wa kuogelea kabla ya kustaafu, na mpaka leo anaongea kama mtu anayeita watoto watoke majini. Kazi ya kufuatilia mabadiliko ya kichujio aliichukua yeye, na alibakiwa na pengo moja tu katikati ya ubao. Kuna injini zenye tundu na kifuniko, lakini ukifungua, ndani hamna kitu. Je, zilitoka kiwandani tupu? Au kuna mtu aliitoa sufu baadaye akasahau kurudisha?

"Kuna mtu aliitoa," Clem alikuwa akisema kila mara swali hilo likiletwa. "Baba yangu alisimamia benchi la kufunga vile vifuniko. Hakuna injini iliyotoka kwake bila sufu."

Baba yake alikuwa Horace Bytheway, na kila kifuniko alichokifunga yeye alikigonga alama ya nyota ndogo. Vifuniko hivyo ni vya alumini laini, meno yake ya skrubu yanakatika ukivilazimisha, na ubavu wa injini ukiharibika hakuna mwingine wa kununua popote duniani. Kwa hiyo Clem alikuwa na neno lake, ambalo kila mgeni wa klabu aliambiwa kabla hata hajaambiwa choo kiko wapi: ukiona nyota, lala usingizi. Usifungue. Sufu ya Horace hudumu kuliko mwenye pikipiki.

Watu wakalala usingizi. Wengi wao Ludmore zao huzitoa siku za jua tu, kwenda kunywa chai na kurudi, na nyota ile wanaipangusa kwa leso kama pete.

Leo injini isiyoguswa ingemaliza maneno. Nyota ilikuwepo kwenye kifuniko. Rangi nyekundu ya kiwandani ilikuwa bado imeziba mpaka wa kifuniko pande zote, haijapasuka. Mwenyekiti akasema ni haki mtoto wa Horace ndiye afungue, na watu wakapiga meza kwa vijiko.

"Polepole, Clem," Beryl akasema. "Meno."

"Unamfundisha bata kuogelea?" Noel akamwambia.

"Nimewafundisha wengi, na wengine walikuwa bata kweli."

Meza ilikuwa imesogezwa mpaka chini ya dirisha ili mwanga uwe mzuri. Clem akasimama uso kwa dirisha, mgongo kwa watu. Akaweka spana, akaegemeza uzito wake kidogo kidogo, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Rangi ikapasuka. Kifuniko kikalegea, kikatoa sauti kama mtu anayeshusha pumzi. Akakizungusha kwa mkono, akakitoa, akakiweka kwenye kitambaa. Akatoa springi. Akatia kidole.

Kidole kikagusa chuma.

Akakiingiza zaidi. Akakizungusha ndani ya tundu huku na huku, kama vile sufu ingeweza kujificha kwenye kona, na tundu lile halina kona. Palikuwa pakavu. Ncha ya kidole ikarudi na chenga za alumini, zile zile za siku tundu lilipotobolewa, zinameta. Hakuna aliyewahi hata kulisafisha.

Nyuma yake alisikia kiti kikilia. Alisikia Noel akinong'ona, "Vipi, keshazimia?"

Mfukoni mwa koti lake Clem alikuwa na kikopo cha tumbaku, na ndani yake sufu moja ya zamani, kutoka kwenye sanduku la vifaa la baba yake. Huwa anakuja nayo ili wageni waione na kuishika. Huwa anaitia matone ya oili nondo wasiile.

Hakupanga. Baadaye angejaribu sana kukumbuka ni lini hasa aliamua, na asingeipata hiyo saa. Mkono wa kushoto uliingia mfukoni wenyewe, kidole gumba kikafungua kikopo, na sufu ikapita toka mfukoni mpaka mdomoni mwa tundu kwa wepesi ambao wezi wa mifukoni wangemwonea wivu. Kisha akageuka, ameishika juu kwa vidole viwili.

"Ipo!"

Ukumbi ukalipuka. Mtu akapiga mluzi. Mtu mwingine akasema, "Mke wangu kila siku ananiambia nifungue, nifungue, ngoja nimtumie ujumbe sasa hivi!" Noel akaimba wimbo wa timu ya mpira akibadilisha jina la kipa kuwa Horace.

Beryl akaja, akanyoosha kiganja. Clem akampa. Angefanya nini?

Beryl akaiminya ile sufu. Akaisugua kwa kidole gumba, akakitazama kile kidole, kilikuwa kinang'aa kwa oili. Akasogea kwenye injini, akatia kidole cha mkono mwingine ndani ya tundu, akakitoa, akakitazama nacho. Kilikuwa kikavu, chenye chenga. Injini haijawahi kutiwa hata tone. Akavipangusa vidole vyote viwili kwenye kitambaa kimoja, polepole, halafu akamtazama Clem.

Laiti angekasirika. Hasira Clem angeijibu. Lakini Beryl alimtazama kama unavyomtazama mtu mzima aliyejikojolea hadharani, unatafuta namna ya kumfunika kabla wengine hawajaona.

"Haya," Beryl akasema kwa sauti ndogo ambayo si yake. "Asante, Clem." Akaiweka sufu mezani. Hakuipigilia ubaoni.

"Piga msumari, mama!" Noel akapaza sauti.

"Tule kwanza. Madonge yanapoa."

Wakala madonge ya nyama na njegere za kuvurugwa, na mkate wa kupangusia mchuzi. Clem alipewa sahani ya kwanza. Mwenyekiti akasimama na glasi yake ya bia akasema kuna watu wanajenga makanisa, na kuna watu wanatia sufu pale ambapo hakuna atakayeona, na Mungu anawapenda zaidi wa pili. Wakanywa kwa jina la Horace. Clem naye akanywa.

Shati lilimshika mgongoni kwa jasho. Tai ilimbana. Akajisingizia anataka chai, akaenda kusimama kwenye birika kubwa la umeme, amewapa watu mgongo tena, na hata hilo likamchoma, kwa sababu mgongo wake sasa aliujua unafanya kazi gani.

Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Clem alimwosha baba yake leo, kwa kidole kimoja.

Na jambo baya zaidi, akiwa pale na kikombe kitupu, ni kwamba hakushangaa. Baba yake uzeeni alipenda kukaa bustanini mbele ya nyumba, akinyunyizia vitunguu vyake. Ludmore ikisikika inapanda kilima, alikuwa akiweka ndoo chini na kuingia ndani. Kila mara. Mama alisema mzee anaumwa na ukiwa wa kiwanda. Clem naye alisema hivyo, akawaambia watu hivyo, watu wakahuzunika. Lakini mtu mwenye ukiwa angesimama kwenye geti asikilize. Baba yake alikuwa akikimbia kwa sababu aliogopa kusikia ile sauti ya beringi iliyoliwa ikigonga ndani ya injini, ngo, ngo, ngo, ambayo yeye peke yake mtaani alijua imetoka wapi. Labda sufu ilichelewa kufika na mabwana wakataka injini zitoke kwa maonyesho ya London. Labda alisema ngoja, wakamwambia ukingoja utangojea nyumbani. Clem hatajua. Alichojua ni kwamba nyota iligongwa juu ya tundu tupu, na mkono ulioigonga ulijua.

"Clem kipenzi," Beryl akaita kutoka jikoni. "Njoo unipangusie."

Jikoni palikuwa pafinyu. Beryl alikuwa na povu mpaka viwikoni. Akamrushia kitambaa, akampa kikombe cha kwanza, akaongea akitazama sinki.

"Kesho nakwenda Wales."

"Najua."

"Na Ludmore yangu. Ile milima unaijua. Itapanda inahema kutwa nzima."

"Ndiyo."

"Nyota ninayo. Namba yangu iko karibu kabisa na ya ile mezani, injini hizo zilizaliwa wiki moja." Akampa kikombe kingine. "Nifungue, nisifungue?"

Clem akapangusa kile kikombe ndani, akapangusa nje, akarudi ndani. "Baba alikuwa akisema..."

"Sijamuuliza baba yako. Baba yako amelala zake kaburini, hana haja na oili. Nakuuliza wewe uliyetia kidole."

Maji yalikuwa yanadondoka kwenye sinki. Ukumbini Noel alikuwa anasimulia kitu, watu wanakufa kwa kicheko.

Clem aliinamia kikombe. "Fungua," akasema.

"Sijasikia."

"Fungua, Beryl. Usiende nayo hivyo."

Beryl akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitegemea. Akaendelea kuosha.

"Utawaambia?" Clem akauliza. Alisikia mwenyewe jinsi alivyouliza, kama mtoto wa darasa la pili.

"Mimi niwaambie nini? Mimi niliona mgongo wako tu, kama wao." Akamgeukia, mikono inachuruzika povu. "Ila nikuambie kitu. Wale wamekunywa kwa ajili ya sufu, na kutoka hapa wanakwenda kuwasha pikipiki zao."

Clem akatundika kitambaa kwenye msumari. Kikaanguka. Akakiokota, akakitundika tena, akatoka.

Alisimama karibu na ubao. Hakujua mikono aiweke wapi. Hatimaye aliishikanisha mbele, kama mtu aliyekuja msibani.

"Samahani, jamani."

"Hotuba!" Noel akapiga meza. "Hotuba ya bwana harusi!" Na wote wakapiga vijiko, nyuso zimejaa furaha, zinampenda, na Clem akatamani sakafu ipasuke imchukue na tai yake.

"Haikuwemo," akasema.

"Nini hakikuwemo?"

"Sufu. Tundu lilikuwa tupu. Hii," akaigusa pale mezani, "ni ya kwangu. Niliitoa mfukoni."

Mtu mmoja akacheka, akidhani ni utani umechelewa kueleweka. Hakuna aliyemfuata. Kicheko chake kikafa peke yake.

"Clem, acha basi," Noel akasema.

"Siachi. Baba alifunga kifuniko bila sufu, akagonga nyota. Hii moja nimeiona kwa kidole changu. Nyingine sijui. Fungueni zenu. Zote zenye nyota, msiwashe kabla hamjafungua."

Mzee mmoja wa nyuma, mtu mpole ambaye hajawahi kuzungumza mkutanoni, akasimama taratibu. "Wewe ndiye uliyeniambia nilale usingizi. Ulisimama hapo hapo ulipo ukaniambia."

"Ndiyo."

"Mwanangu kaichukua yangu leo. Yuko njiani anakwenda Bridgnorth."

Mzee akatoa simu, akaiweka sikioni. Ukumbi mzima ulisikia simu ikiita upande wa pili. Ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Clem alisimama palepale, kila mlio unampiga usoni.

"Haloo! Haloo, wapi? Bado umepanda? Zima! Nimesema zima hapo hapo, tutakuja na gari. Usiulize, zima!" Mzee akashusha simu. Akakaa kwenye kiti. "Yuko kituo cha mafuta. Anasema ilikuwa imeanza kugonga kidogo, akadhani ni upepo."

Hakuna aliyemtukana Clem. Matusi alikuwa ameyategemea, na yalipokosekana hakujua aegemee wapi. Watu walivaa majaketi yao wakatoka uani kwenye pikipiki zao mmoja mmoja, wakimpitia pembeni, kwa heshima, kama unavyompita mgonjwa korido ya hospitali. Ukumbi ukabaki na harufu ya mchuzi na sahani zenye mabaki. Beryl naye alipita. Alichukua chaki, akaandika chini ya lile pengo la ubaoni namba ya injini ya mezani, na mbele yake neno moja: tupu. Akamwachia Clem chaki mkononi bila sababu, akatoka.

Nje mvua ilikuwa imeanza, ile nyembamba isiyotosha kufungulia mwavuli. Kupitia mlango ulio wazi Clem alisikia spana, alisikia watu wakiombana vitambaa, wakiambizana polepole, meno, meno. Kisha sauti zikaanza.

"Ipo!"

"Yangu ipo, lakini imeoza, tazama."

"Haipo."

Hiyo ilikuwa sauti ya Beryl. Aliisema bila kupaza, lakini sauti ya Beryl haihitaji kupazwa.

"Yangu nayo haipo."

"Ipo! Mungu mkubwa, ipo!"

Kila "haipo" Clem alifumba macho. Kila "ipo" aliyafungua, na hakupata nafuu, kwa sababu hata hizo zilizokuwemo hazikuwa tena za Horace ambaye Clem alimsimulia maisha yake yote. Zilikuwa za mtu aliyetia pale alipoweza na kuacha pale alipozidiwa, halafu akagonga nyota ile ile juu ya zote.

Angeweza kwenda nyumbani. Mlango wa pili ulikuwa pale nyuma ya jukwaa, na kituo cha basi hakiko mbali. Aliutazama.

Noel akatokea mlangoni, nywele zimemlala kwa mvua. Hakuwa na utani usoni, na bila utani alionekana mzee kupita umri wake.

"Kifuniko changu kimegoma," akasema. "Nikilazimisha nitakata meno."

Clem akaitazama chaki mkononi.

"Nina hasira na wewe, Clem. Nina hasira sana, hata sijui nianzie wapi. Lakini mkono mwepesi wa kufungua hivi vidude hatuna mwingine. Njoo."

Clem akaweka chaki mezani, akamfuata.

Ludmore ya Noel ilisimama karibu na ukuta. Clem akapiga magoti kwenye maji, suruali yake nzuri ikaloa pale pale, ncha ya tai ikaingia kwenye dimbwi. Watu waliacha walichokuwa wanafanya wakasogea. Hawakusimama nyuma yake. Walizunguka upande wa pili wa pikipiki, mahali ambapo mikono yake ingeonekana vizuri, na Noel akawasha taa ya simu, akaishusha mpaka karibu na vidole vya Clem. Clem akavua koti, akampa Beryl, akakunja mikono ya shati mpaka juu ya viwiko, akaonyesha viganja vitupu pande zote mbili, ndipo akashika spana.